Daktari Akikuuliza, Mjibu

Wajukuu zangu wa Isiolo, wa Bulapesa na Kambi Garba, wa Kinna, Merti na Oldonyiro, nanyi mnaolala bwenini mbali na mama zenu, leo nataka tuongee habari za mwili. Si mwili wote. Jino likiwauma nyumba nzima hujua, na kichwa kikiwauma mnaomba dawa hata kwa jirani. Nasema ile sehemu ambayo ikiuma hamsemi: muwasho wa kinenani, majimaji msiyoyaelewa, uvimbe, hedhi iliyochelewa au iliyokataa kukoma. Hayo mnayabeba peke yenu wiki baada ya wiki, kisha jioni moja mnavuka barabara hadi duka la dawa, mnangoja wateja wengine waishe, na mnamnong'oneza kijana aliye dirishani.

Najua kwa nini mnalipenda dirisha lile. Halina maswali. Unataja dawa uliyoisikia kwa rafiki, unatoa shilingi zako, unapewa vidonge ndani ya bahasha ya kaki, unaondoka. Hapana aliyekuuliza una miaka mingapi, lilianza lini, umewahi au hujawahi. Mimi nilikaa muda mrefu upande wa pili wa meza, nikiwa muuguzi wa kuuliza hayo hayo mnayoyakimbia, na nina neno moja tu la kuwapa. Mengine yote ni matawi yake. Maswali mnayoyaogopa ndiyo sehemu kubwa ya matibabu. Asiyekuuliza hakukutibu, amekuuzia.

Mtoto wa malisho anajua hili kuliko mtoto wa mjini. Anaporudisha ngamia jioni kutoka upande wa Ewaso Nyiro, baba humuuliza naye hujibu bila kupepesa: huyu amekojoa mkojo mwekundu tangu jana, yule chuchu yake moja imevimba, mdogo wao anaharisha. Baba huongeza: alikunywa maji wapi, alikula nini, wenzake wakoje? Katika kuulizana huko ndimo ugonjwa unamojulikana, na hakuna anayeona haya. Ajabu yake ni kwamba mtoto yuleyule, anayemsemea ngamia mbele ya wazee, akipatwa na jambo kama hilo mwilini mwake huona afadhali anyamaze nalo.

Na kwa kuwa nimemtaja ngamia, nianze na wavulana, maana habari yao moja inaanzia kwenye chombo cha maziwa. Hapa kwetu maziwa ya ngamia ni chakula, ni dawa, ni biashara ya mama zetu, na wengi tunayanywa mabichi tukiamini kuyachemsha ni kuyaharibu. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela. Homa yake huja na kuondoka, mtu hutoka jasho usiku, viungo na mgongo humuuma, na baadhi ya wanaume huvimba korodani, mara nyingi moja. Sasa mchukue mvulana wa miaka 16, yuko bwenini, korodani imevimba na ina maumivu. Atakalolifikiria yeye, na watakalolifikiria wenzake wakimwona anatembea kwa kuchechemea, ni zinaa. Basi atajificha. Atanunua vidonge vya kisonono ambavyo havimhusu, na homa itaendelea kumla.

Mpeleke kijana huyo kwa daktari anayeijua kaskazini hii, utasikia maswali ya ajabu. Kwenu mnafuga? Maziwa mnachemsha? Ulishika kondo la nyuma mbuzi alipozaa? Homa inakuja jioni? Swali moja la maziwa linamvua kijana aibu isiyokuwa yake, linampeleka kwenye kipimo cha damu, kisha kwenye dawa mbili za pamoja zinazotumiwa kwa muda wa kama wiki sita bila kukatiza. Dirishani hakuna anayeuliza habari za maziwa. Matubwitubwi nayo hufanya hivyo hivyo: uvimbe wa mashavu leo, siku chache baadaye uvimbe wa korodani, na kijana aliyefikia balehe ndiye hasa hupatwa.

Kuna maumivu ya korodani yasiyongoja mazungumzo, na hapa naomba msikilize vizuri. Yakija ghafla, makali, upande mmoja, pengine na kichefuchefu au kutapika, huenda korodani imejipinda na mshipa wake wa damu umefungika. Hutokea sana kati ya miaka 12 na 18, na huweza kumwamsha mtu usingizini. Daktari ana kama saa sita za kuiokoa kwa upasuaji. Zikizidi, matumaini hupungua haraka, na baada ya siku nzima mara nyingi huwa imekwisha kufa. Saa hizo zinahesabiwa tangu maumivu yalipoanza, si tangu ulipofika hospitali. Kwa anayeishi karibu na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Isiolo hilo ni jambo la pikipiki moja. Kwa aliyeko Merti ni safari ndefu ya vumbi, na kila dakika anayoitumia kujiuliza atamwambiaje mwalimu inakatwa kwenye zile sita. Mwamshe mwalimu wa zamu. Mwamshe mlinzi. Sema neno korodani kama lilivyo. Halijawahi kumuua aliyelitamka.

Wenzenu wa Kiturkana nao wana lao. Kwa desturi yao hawatahiri, na katika shule zetu zilizochanganya Waborana, Wasomali, Wasamburu na Wameru, mvulana wa Kiturkana hutaniwa bafuni mpaka akaacha kuoga na wenzake. Kutotahiriwa si ugonjwa. Anachohitaji ni maji, na kuosha taratibu chini ya govi bila kulilazimisha. Ila govi likirudi nyuma likakwama huko, na kichwa cha uume kikaanza kuvimba, hiyo ni dharura ya saa ileile. Na waliotahiriwa likizoni, iwe nyumbani au hospitalini, kidonda kikitoa usaha na harufu, au homa ikipanda, mwanamume si yule anayevumilia. Ni yule anayerudi kuonyesha kidonda.

Mengine ni ya kupita haraka, kwa sababu ni balehe tu. Kuota usiku na kuamka umelowa. Korodani moja kuning'inia chini kuliko nyingine. Chuchu kuvimba na kuuma kidogo kwa mvulana, jambo linalowapata wengi na kwisha lenyewe, kwa kawaida ndani ya miaka miwili. Vipele vidogo vyeupe vilivyojipanga kuzunguka kichwa cha uume, visivyouma wala kuwasha: navyo ni maumbile. Wauza mizizi sokoni wanaowaambia kwamba mmeishiwa nguvu na miaka 17 hamjafika, waachieni mizizi yao. Fangasi ya kinena, hii ya jasho na mpira wa alasiri kwenye kiwanja cha vumbi, ni ya kweli na hutibika kwa krimu ya kuua fangasi. Tatizo ni krimu nyingine anayouziwa kijana dirishani, yenye steroidi ndani yake. Muwasho hutulia siku tatu nne, naye hufurahi, huku fangasi ikizidi kutambaa na kubadilisha sura, hata daktari baadaye apate taabu kuitambua.

Wasichana, ninyi mna elimu ambayo hamjui mnayo. Aliyepita madrasa mjini hapa amefundishwa hedhi na istihadha. Amekaa na wenzake akijifunza kuhesabu siku, kutazama rangi ya damu, kujua mwanzo wake na mwisho wake, kwa kuwa sala yake na saumu yake zinategemea hayo. Istihadha, damu inayotoka nje ya siku zake, wanazuoni waliieleza tangu zamani kuwa ni ya maradhi wala si hedhi. Basi mwalimu wako wa madrasa amekwisha kukupa somo la kwanza la daktari wa wanawake. Kilichobaki ni kuzipeleka hesabu zako hospitalini. Na anayesema dini inakataza maswali ya namna hii amkumbuke Ummu Sulaim, aliyemwendea Mtume na kumuuliza waziwazi juu ya ndoto ya usiku ya mwanamke, akajibiwa. Bibi Aisha naye aliwasifu wanawake wa Ansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Kwa wenzetu wa kanisani, Luka mwenye Injili anajulikana kuwa alikuwa tabibu. Sioni basi ni lini kwenda kwa daktari kuligeuka kuwa utovu wa adabu.

Sasa hesabu zenyewe. Miaka miwili mitatu ya mwanzo hedhi haina mpangilio: inaweza kurudi baada ya siku 21 au baada ya siku 45, na yote ni sawa. Damu kuzidi siku saba, au kulowesha pedi nzima kwa saa moja au mbili mfululizo, si sawa. Huko ndiko kunakotokea kizunguzungu, kuchoka na weupe wa viganja, watu wakadhani msichana ni mvivu kumbe damu imepungua. Maumivu ya tumbo siku ya kwanza ni ya kawaida, ila yakikukosesha shule kila mwezi, hilo ni la daktari, si la kuambiwa uvumilie kama nyanya yako alivyovumilia. Na aliyefikisha miaka 15 bila kuona hedhi hata mara moja aende akaangaliwe.

Ute mweupe au usio na rangi, usio na harufu mbaya, huanza hata kabla ya hedhi ya kwanza na hubadilika katikati ya mwezi. Huo ni usafi wa mwili wenyewe. Ukiwa mzito, wa mabonge, na muwasho mkali, huenda ni fangasi, na fangasi humpata hata ambaye hajawahi kuguswa na mtu. Ukiwa wa kijani au wa manjano, wenye harufu, au ukifuatana na maumivu chini ya tumbo na homa, usingoje. Uke haufukizwi wala hausuguliwi kwa sabuni ya manukato wala kwa dawa ya kuua viini. Moshi wa udi ni wa nguo na nyumba. Maji yanatosha, tena kwa nje tu.

Kuhusu mkojo unaochoma nitasema jambo la shule zetu. Msichana anaamka saa kumi na moja alfajiri, choo cha shule ni kichafu au hakina mlango, maji ni ya foleni, basi hanywi ili asiende. Kufikia alasiri amejizuia saa nyingi katika joto la Isiolo. Maambukizi ya njia ya mkojo hupata nafasi hapo, na wala hakuna dhambi iliyotendeka. Kunyweni maji, nendeni mnapobanwa, jipanguseni kutoka mbele kwenda nyuma. Mkojo ukiwa na damu, au mgongo ukiuma kwa homa, ni hospitali. Wavulana wanaotafuna miraa na muguka msicheke: miraa hupunguza kasi ya mkojo, na daktari atawauliza habari zake vilevile.

Kuna jambo ninaloliweka peke yake kwa sababu linaweza kumvunjia msichana heshima bure. Ana miaka 14 au 15, hedhi haijawahi kuonekana, lakini kila mwezi tumbo linamuuma kwa siku kadhaa. Polepole tumbo la chini linajaa, mkojo unakuwa wa shida, na majirani wanaanza kuhesabu miezi. Kumbe hedhi inakuja ila haina mlango. Wengine huzaliwa na kizinda kisicho na tundu. Wengine njia imezibwa na kovu la ukeketaji. Damu hukusanyika ndani mwezi baada ya mwezi. Kipimo cha mkojo na picha ya tumbo hutenganisha jambo hili na mimba katika asubuhi moja, na tiba yake huwa upasuaji mdogo. Wazazi wenzangu, kabla ya kumpiga binti aliyefura tumbo, mpimeni. Hata akiwa na mimba, kipigo hakimo katika orodha ya dawa.

Ukeketaji nimeutaja na siwezi kuupita kimya. Kenya iliupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Kifungo hakipungui miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, na hata kumtusi mwanamke kwa kuwa hakukeketwa ni kosa. Hesabu za kitaifa zinashuka: mwaka 1998 wanawake 38 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na mwaka 2022 wakawa 15. Kaskazini tunajua hesabu yetu iko juu ya hiyo. Wewe uliyefanyiwa, si mkosaji mbele ya sheria wala mbele ya daktari. Ikiwa mkojo wako hutoka kwa matone, hedhi hutoka kwa maumivu makali na kukawia, au kovu limeota uvimbe, mwambie muuguzi kwamba ulikatwa na, kama ulishonwa, kwamba ulishonwa. Asipoambiwa atatibu mkojo leo, utarudi mwezi ujao na mkojo uleule.

Hofu nyingine ya wasichana naijua hata bila kuambiwa: daktari akinipima atajua kama mimi ni bikira. Hatajua. Hakuna kipimo cha mwili kinachoweza kusema hilo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kwa kuwa hauna msingi wowote wa kitabibu. Mtu akikuleta hospitalini kwa ajili hiyo, daktari anayejua kazi yake atamrudisha nyumbani.

Basi huko ndani hufanyika nini? Mengi hayahitaji kuvua nguo. Utapimwa uzito, joto na shinikizo la damu. Utaulizwa maswali. Utapewa kichupa cha mkojo, pengine utatolewa damu kidoleni au mkononi. Ikilazimu kuangaliwa, unapaswa kuelezwa kwanza ni kwa nini, pawe na pazia, na una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo, au mama, au shangazi. Ukitaka mhudumu wa kike kabisa, omba. Asipopatikana siku hiyo na jambo si la haraka, uliza atakuwepo lini. Ukiona mkono unakwenda mahali usipoelezwa, sema acha, toka, kamwambie mkubwa wake. Na ukitendewa vizuri useme pia, maana wauguzi hawaambiwi hilo mara nyingi.

Mji wetu ni mdogo, nalikubali hilo. Anayeandika kadi pale mapokezi anaweza kuwa binamu ya mama yako, na mhamasishaji wa afya anayepita nyumba kwa nyumba akawa mnasali naye msikiti mmoja. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu aitunze siri ya mgonjwa, naye akiitoa nje unaweza kumlalamikia. Lakini sheria haizibi mdomo wa kila mtu, kwa hiyo tumieni akili: si lazima kumweleza karani ugonjwa wako. Kama hutaki kuonekana kwenye zahanati ya mtaani, panda gari uende nyingine. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya serikali hugharimiwa kwa waliosajiliwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na mtoto huandikishwa chini ya mzazi. Muulizeni mama kama mmeandikishwa. Hilo si swali la aibu.

Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutibiwa. Dharura haingoji ridhaa. Kipimo cha Ukimwi kina njia yake: sheria ya mwaka 2006 inamruhusu mtoto mwenye mimba, aliyeolewa, aliye mzazi, au aliye katika hatari ya kuambukizwa, kuridhia mwenyewe kwa maandishi. Kwa mengine tafuta mtu mzima mmoja. Si lazima awe mama, ikiwa mama ni mkali. Shangazi anafaa, nyanya anafaa zaidi, mwalimu wa kike, matroni wa shule. Mvulana ana mjomba. Na mkikutana na muuguzi wa kukaripia, wapo, nimefanya kazi na baadhi yao na tuligombana juu ya hilo, msidhani hospitali imewakataa. Ombeni mwingine.

Ikiwa umeshalala na mtu, mwambie daktari. Mimi sikubariki jambo hilo na unajua, lakini leo sikuitii kesi. Nataka utibiwe. Kisonono kimezizoea dawa nyingi za zamani, ikiwemo siprofloksasini ambayo bado inaulizwa madirishani, na sasa hutegemewa sindano. Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma kinachopona chenyewe, mtu akashukuru Mungu, kumbe ugonjwa umeingia ndani. Magonjwa yote mawili hurudi ikiwa mwenzako hakutibiwa. Ndiyo maana daktari atauliza kuhusu mwenzako, na si kwamba anatafuta umbea. Na wasichana wa miaka 10 hadi 14 wana chanjo ya bure ya HPV, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019, ya kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi. Anayewaambia kuwa ni dawa ya kuwafunga uzazi anawadanganya.

Na ikiwa ulilazimishwa, iwe ni mgeni, jirani au mtu wa nyumbani, wewe mvulana au msichana, nenda hospitali kabla ya kituo cha polisi na kabla ya baraza la wazee. Usioge, usifue nguo, uzichukue ndani ya mfuko wa karatasi. Dawa ya kuzuia Ukimwi inafaa ikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Dawa ya kuzuia mimba ina hadi saa 120. Katika hospitali za umma matibabu haya ni ya bure. Nawasema hapa wazee wenzangu: maslaha yenu, yale mapatano ya kukaa chini ya mti na kuhesabu ngamia, hayana dawa ya saa 72, na kila siku mnayoijadili fidia ndiyo siku anayoipoteza mtoto. Kesi ya kunajisi mtoto ni ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2006, si ya koo mbili. Namba 116 ni ya watoto na 1195 ni ya waliodhulumiwa kijinsia. Zote hupigwa bila malipo.

Wahenga wa Kiswahili walisema mficha uchi hazai, nasi tumeizoea methali hiyo katika biashara, siasa na mambo ya mkopo, tukasahau kwamba mahali pake pa kwanza ni chumbani kwa mkunga.

Kabla hujaenda, chukua karatasi uandike: lilianza lini, liko wapi, linauma au linawasha, hedhi ya mwisho tarehe ngapi, dawa gani umekwisha kumeza, hata zile za dirishani. Usiache zile za dirishani. Ulimi ukikataa kusema, mpe daktari karatasi asome mwenyewe. Na pale mapokezi, karani akikuuliza unaumwa nini mbele ya foleni nzima, huhitaji kueleza. Mwambie, "Nataka kumwona daktari, ni jambo la faragha." Hayo yanatosha kukuingiza ndani. Mengine mwambie aliyeko ndani, na akikuuliza, mjibu.